Bima ya Maisha: Maombi Huchukua Muda Gani, na Mwombaji Atarajie Nini

Mkazi wa Kilifi anayejaza fomu ya kuomba bima ya maisha leo anaweza kuwa na hati yake mkononi kabla ya wiki kuisha. Jirani yake aliyejaza fomu ya kampuni hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, anaweza kungoja miezi miwili. Wengi wanaocheleweshwa hudhani wametapeliwa. Mara nyingi hawajatapeliwa. Kinachotofautisha maombi hayo mawili ni kiasi cha bima kilichoombwa, umri na afya ya mwombaji, na jinsi makaratasi yake yalivyopangika siku ya kwanza.

Hatari iko katika siku hizo za kungoja. Baba akishatia sahihi na kurudi nyumbani, familia huhesabu kwamba tayari ina bima. Akifariki kabla ya kampuni kukubali ombi lake na kupokea malipo ya kwanza, wanaobaki wanaweza kukosa kila kitu. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487 ya Sheria za Kenya, hakiruhusu kampuni kubeba hatari ya mtu kabla malipo ya bima hayajalipwa. Kulipa pekee pia hakutoshi. Pesa zinazotangulia fomu hukaa zikisubiri uamuzi, na ombi likikataliwa hurudishwa kwa mwenyewe. Zipo kampuni zinazotoa kinga ya muda dhidi ya kifo cha ajali wakati maombi yanashughulikiwa, lakini mwombaji anapaswa kuonyeshwa hilo kwa maandishi, wala asitosheke na neno la mdomo la wakala.

Kwa hiyo swali la muda lina uzito. Kila wiki inayopotea kwa sababu ya cheti kilichosahaulika ni wiki ambayo nyumba haina kinga.

Aina ya bima ndiyo huamua kasi

Bima zinazotoka haraka zaidi ni zile ndogo: bima ya gharama za mazishi, bima zinazouzwa kupitia simu, na zile ambazo vyama vya akina mama au vikundi vya bodaboda hununua kwa pamoja. Hapa hakuna kupimwa. Mwombaji hutoa kitambulisho, majina ya wanaolindwa na jina la atakayepokea pesa, kisha hulipa. Siku moja hadi chache hutosha.

Hata hivyo, wepesi wa kujiunga una upande wake wa pili. Kwa kuwa kampuni haikuuliza mengi kuhusu afya, huweka muda wa kungoja ndani ya mkataba wenyewe. Katika muda huo, ambao hutofautiana kati ya kampuni na kampuni na mara nyingi huwa mrefu zaidi kwa wazazi wazee, kifo cha ugonjwa hakilipwi ilhali kifo cha ajali hulipwa. Mtu anayemwandikisha mamake akiwa tayari amelazwa hospitalini, akitarajia bima igharamie mazishi ya mwezi huo, atavunjika moyo. Ni vyema kuuliza idadi ya siku hizo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Wafanyakazi wa mashirika na wa serikali mara nyingi huwa ndani ya bima ya kikundi inayolipiwa na mwajiri. Kazi yao huwa ndogo: kujaza fomu ya kutaja wanufaika na kuibadilisha maisha yanapobadilika. Tatizo ni kwamba wengi huijaza siku ya kuajiriwa, wakiwa hawajaoa wala kuolewa, na hawairudii tena hadi wanapostaafu.

Inafaa pia kutenganisha bima ya maisha na vitu viwili vinavyochanganywa nayo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hulipia matibabu. Haiwalipi watoto baada ya mzazi kufariki. Na ile bima inayokatwa wakati wa kuchukua mkopo kwenye Sacco au benki hulipa deni la marehemu. Ni msaada mkubwa, maana shamba au pikipiki iliyowekwa dhamana haichukuliwi, lakini isipokuwa mkataba umesema vingine, familia haitarajii pesa mkononi kutokana nayo.

Bima ya mtu binafsi ndiyo yenye safari ndefu. Iko ya muda maalum, inayolipa tu mwenyewe akifariki ndani ya miaka iliyokubaliwa. Iko ya maisha yote. Na ziko za akiba na za elimu, ambazo hulipa pia mwenye bima akifika mwisho wa mkataba akiwa hai. Mwombaji kijana mwenye afya, anayeomba kiasi kisichohitaji vipimo, anaweza kupata jibu ndani ya wiki moja au mbili. Akihitajika kupimwa, wiki tatu hadi sita ni matarajio ya kawaida. Iwapo kampuni itaomba ripoti kutoka kwa daktari aliyemtibu zamani, au kiasi ni kikubwa kiasi cha kuhitaji idhini ya kampuni nyingine inayoshiriki kubeba hatari hiyo, miezi miwili si jambo la ajabu.

Kwa Waislamu wanaoepuka riba, kuna mpango wa takaful, ambapo washiriki huchangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana. Ni muhimu kuuliza kama takaful inayouzwa ni ya familia au ni ya gari na mali, kwa kuwa majina hufanana.

Wakala kwanza, fomu baadaye

Kabla ya kujaza chochote, mwombaji ana haki ya kujua anazungumza na nani. Kampuni za bima na mawakala wao hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na leseni hiyo hufanywa upya kila mwaka. Orodha ya wenye leseni hutolewa kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Wakala wa kweli hakasiriki akiombwa kuonyesha yake. Malipo huenda kwa kampuni moja kwa moja, kwa nambari ya Paybill, benki au makato ya mshahara. Wakala anayesema “nitumie kwa simu yangu, nitakulipia” hafai kupewa pesa hizo, hata kama ni mtoto wa jirani.

Fomu yenyewe huchukua muda wa saa moja hivi ikijazwa kwa utulivu. Huuliza jina, kitambulisho, PIN ya KRA, kazi, mapato, bima nyingine alizonazo mwombaji, magonjwa aliyowahi kuugua, dawa anazotumia, na afya ya wazazi na ndugu zake. Huuliza tumbaku na pombe, na nyingine huuliza miraa na muguka pia. Kazi huulizwa kwa undani. Aliyeandika “mfanyabiashara” wakati yeye ni mzamiaji wa kamba huko Ngomeni au mhudumu wa bodaboda Mtwapa ameficha jambo ambalo kampuni ingelihesabu.

Kuna mazoea ambayo yamewagharimu wengi: mwombaji hutia sahihi mahali alipoonyeshwa, kisha humwachia wakala amalizie fomu jioni ofisini. Wakala ana haraka na huweka “hapana” kwenye kila swali la ugonjwa ili ombi lipite upesi. Ombi hupita kweli. Miaka miwili baadaye mwenye bima anafariki kwa matatizo ya figo, kampuni inaitisha kumbukumbu za hospitali, na inagundua kwamba alikuwa akitibiwa kisukari na shinikizo la damu tangu kabla ya kuomba. Aliyetia sahihi chini ya majibu hayo ni marehemu, na anayesimama kwenye dirisha la kampuni kusikia dai limekataliwa ni mjane.

Kosa dogo lisilohusiana na hatari yenyewe, kama sanduku la posta lililokosewa, si sababu ya kunyimwa fidia. Umri uliokosewa kwa kawaida hurekebishwa kwa kupunguza au kuongeza kiasi kinacholipwa. Ugonjwa uliofichwa ni jambo jingine kabisa. Aliyesema ukweli kuhusu kisukari chake ataongezewa malipo, pengine atasubiri wiki tatu zaidi, lakini atakuwa na hati inayosimama.

Majina yasiyolingana

Ukimwuliza mfanyakazi yeyote wa kampuni ya bima ni nini hurudisha fomu nyingi mlangoni, atataja majina kabla ya kutaja magonjwa. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha PIN kinasema Mohammed, na akaunti ya benki inasema Muhammad. Mke amebaki na jina la babake kwenye kitambulisho lakini kwenye fomu ameandikwa kwa jina la mume. Katika familia nyingi za Kimijikenda mtoto hubeba jina la babu au la nyanya, na cheti cha kuzaliwa kikaandikwa jinsi mkunga au mwalimu alivyosikia: Kahindi huku, Kaindi kule. Nyumbani hakuna anayechanganyikiwa. Kwa kampuni, hao ni watu wawili.

Kasoro ya namna hii isiporekebishwa mapema haichelewi kuonekana. Kama haikuzuia ombi, itazuia malipo, na wakati huo mwenye kueleza hayupo tena. Tofauti ndogo za herufi huweza kutatuliwa kwa hati ya kiapo inayotamka kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ambayo huapwa mbele ya wakili aliyeruhusiwa kuapisha. Tofauti kubwa, au tarehe ya kuzaliwa isiyo sahihi, huhitaji kurekebishwa kwenye cheti chenyewe katika ofisi ya usajili wa watu au kupitia huduma za eCitizen. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Anayefikiria kuomba bima mwaka huu angefanya vyema kuanza nayo kabla hata ya kumwita wakala.

Siku ya fomu, mwombaji awe na nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN, picha ndogo za pasipoti iwapo kampuni inazitaka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto atakaowataja, na ushahidi wa mapato. Mwajiriwa huleta hati za mshahara za miezi ya karibuni. Mwenye duka, mvuvi au mkulima wa mananasi huweza kutumia taarifa ya benki au ya M-Pesa. Kampuni huuliza mapato kwa sababu mbili: haiwezi kumuuzia mtu bima asiyoweza kuendelea kuilipia, na sheria za kuzuia utakatishaji wa pesa huilazimisha kujua fedha zinatoka wapi.

Siku ya kupimwa

Kiasi cha bima kikivuka kiwango ambacho kampuni imejiwekea, au umri wa mwombaji ukiwa umesonga, au majibu ya fomu yakiibua swali, mwombaji hutumwa kwa daktari aliye kwenye orodha ya kampuni. Kwa kawaida kampuni ndiyo hugharamia vipimo. Gharama ya nauli ni ya mwombaji, na kwa mkazi wa Ganze au Magarini anayetumwa Malindi au Mombasa, nauli hiyo si kitu kidogo. Inafaa kuuliza kama kuna daktari wa karibu zaidi kwenye orodha, na kama vipimo vyote vinaweza kufanywa kwa safari moja.

Vipimo vya kawaida ni urefu na uzito, shinikizo la damu, mkojo, na damu kwa ajili ya sukari, mafuta, figo na ini. Wanaoomba kiasi kikubwa au waliosonga umri huongezewa kipimo cha umeme wa moyo. Mkojo huweza kuonyesha kama mtu anatumia tumbaku, kwa hiyo aliyeandika “sivuti” huku pakiti iko mfukoni atajulikana.

Kipimo cha sukari na mafuta mara nyingi huhitaji mtu awe hajala kwa saa nane au zaidi. Aliyepita hotelini asubuhi akanywa chai ya maziwa na mahamri mawili atarudishwa siku nyingine. Aliyekuja mbio kutoka kituo cha matatu atakuwa na shinikizo la damu lililopanda, na muguka uliotafunwa usiku kucha hupandisha mapigo ya moyo vilevile. Kulala vizuri, kufika mapema na kukaa kimya nusu saa kabla ya kupimwa kunaweza kuokoa wiki mbili za kurudia vipimo. Mwenye kutumia dawa za presha aendelee kuzimeza kama alivyoagizwa na daktari wake na azitaje. Kuziacha ili “damu iwe safi” kunamhatarisha yeye mwenyewe.

Kuhusu Virusi vya UKIMWI, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa au kutaja hali yake kwa sababu tu anataka bima. Inazitaka kampuni ziweke kiwango cha bima ambacho chini yake mwombaji haulizwi kuhusu virusi. Anayetaka zaidi ya kiwango hicho anaweza kutakiwa apimwe, kwa ridhaa yake na kwa kupewa ushauri nasaha, na akipatikana na virusi anaweza kutozwa nyongeza ya malipo iliyo ya haki. Kwa hiyo mtu anayeishi na virusi na anayetumia dawa zake vizuri asijikatie tamaa mwenyewe kabla ya kuuliza. Matokeo ya vipimo vyote ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na wakala hana ruhusa ya kuzisimulia kijijini.

Matokeo ya maabara hufika ofisini ndani ya siku chache. Kinachochukua muda ni ripoti ya daktari wa zamani. Mwombaji akisema alilazwa miaka minne iliyopita, kampuni huandikia hospitali hiyo kuomba maelezo, na faili za karatasi hazitafutiki kwa dakika moja. Aliyehifadhi barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na kadi zake za kliniki, akazipeleka pamoja na fomu, huweza kulifupisha jambo hili kwa nusu.

Jibu la kampuni

Makaratasi yote yakifika, maafisa wa kukadiria hatari hukaa nayo na kuamua. Wengine hukubaliwa kwa bei ya kawaida. Wengine hukubaliwa kwa bei iliyoongezwa, au kwa sharti kwamba ugonjwa au kazi fulani haitafidiwa. Hapo kampuni hutuma barua ya masharti, na ombi husimama hadi mwombaji aikubali kwa maandishi. Barua nyingi za aina hii hulala kwenye barua pepe ambayo mwenyewe haifungui, au kwa wakala, na mwombaji akabaki akilaumu kampuni kwa kuchelewa. Jibu jingine ni kuahirishwa. Mama mjamzito anaweza kuombwa angoje hadi ajifungue, aliyefanyiwa upasuaji juzi angoje apone, na aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu ayamalize. Kuahirishwa si kukataliwa, na mwombaji anafaa kuuliza arudi mwezi gani.

Wachache hukataliwa kabisa. Mwombaji katika hali hiyo anaweza kuomba sababu, na kampuni nyingine inaweza kuliona ombi lake kwa jicho tofauti. Fomu za kampuni ya pili huuliza kama aliwahi kukataliwa kwingine, na swali hilo nalo lijibiwe kwa ukweli.

Makato ya mshahara yanapogonga mwamba

Walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wa umma mara nyingi hulipia bima kupitia makato ya mshahara. Ni njia rahisi, na ndiyo yenye kuchelewesha kwa namna isiyotarajiwa. Kampuni imekubali, mwombaji amepata ujumbe wa pongezi, naye anaamini mambo yamekwisha. Lakini agizo la makato bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Orodha hiyo hufungwa kabla ya mwisho wa mwezi, hivyo fomu iliyofika baada ya kufungwa husubiri mwezi unaofuata.

Kizuizi kikubwa zaidi ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 36,000 lazima abaki na angalau shilingi 12,000. Akiwa tayari ana mkopo wa benki, wa Sacco na wa duka la samani, nafasi ya makato mengine inaweza kuwa haipo. Mfumo wa mishahara hulikataa agizo, kampuni haipokei malipo ya kwanza, na bima haianzi. Hakuna anayempigia simu kumweleza. Njia ya kujua ni kuangalia hati ya mshahara mwezi unapoisha: kama jina la kampuni ya bima halimo kwenye makato, basi bima haijalipiwa. Anayejua amebana anaweza kulipa mwezi wa kwanza kwa M-Pesa au kwa agizo la benki huku akisubiri nafasi kupatikana.

Hilo huendelea kuwa kweli hata baada ya bima kuanza. Mkopo mpya ukibana mshahara, makato ya bima yanaweza kuwa ya kwanza kuachwa. Kampuni nyingi hutoa siku 30 za ziada malipo yakikosekana. Baada ya hapo kinga hukatika, na kuirudisha kunaweza kuhitaji vipimo upya.

Hati ikishafika

Hati ya bima hutumwa kwa barua pepe au kupitia wakala. Mwenye bima aanze kwa kulinganisha: jina, tarehe ya kuzaliwa, kiasi, muda, malipo ya kila mwezi, na majina ya wanufaika. Mikataba mingi humpa siku kadhaa za kuisoma na kuirudisha akiona si alichoahidiwa. Idadi ya siku hizo huandikwa kwenye hati au barua inayoandamana nayo. Asome pia yasiyolipwa. Kwa kawaida, kujiua katika mwaka wa kwanza au karibu na hapo hakufidiwi.

Aliyenunua bima ya akiba au ya elimu aangalie jedwali la pesa atakazopata akiacha njiani. Kwa kawaida hakuna kitu hadi miaka mitatu ya malipo itimie, na hata baada ya hapo anachopata katika miaka ya mwanzo huwa chini ya alichochanga. Wakala hulisema hili kwa sauti ndogo, na hulalamikiwa kwa sauti kubwa baadaye. Anayehisi huenda atazihitaji pesa hizo mwaka ujao kwa karo au kujenga, Sacco ni mahali pazuri zaidi pa kuziweka, kisha anunue bima ya muda maalum ambayo ni nafuu.

Upo pia unafuu wa kodi ambao wengi hawaudai. Mlipa kodi hupunguziwa asilimia 15 ya anacholipia bima ya maisha, hadi shilingi 5,000 kwa mwezi au 60,000 kwa mwaka. Anayelipa shilingi 6,000 kwa mwezi hupunguziwa kodi ya shilingi 900. Bima ya elimu hupata unafuu huu ikiwa muda wake ni angalau miaka 10. Mwajiriwa hupeleka cheti cha bima kwa afisa wa mishahara. Aliyejiajiri hudai anapowasilisha taarifa yake ya mwaka kwa KRA kabla ya Juni 30.

Wanufaika watajwe kwa majina yaliyo kwenye vyeti, nambari za vitambulisho na asilimia zinazofika 100. Kuandika “mke wangu” katika boma lenye wake wawili ni kuwaachia kesi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi pesa, kwa hiyo atajwe mtu mzima wa kumshikia.

Malalamiko kuhusu kuchelewa hupelekwa kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, yakitaja tarehe ya fomu na nambari ya ombi. Jibu lisiporidhisha, IRA hupokea malalamiko bila malipo. Kampuni ikifilisika, ipo Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima, ingawa fidia yake ina kikomo.

Mwisho, nakala ya hati ikae mahali ambapo mke, mume au mtoto mkubwa anapajua, pamoja na jina la kampuni na nambari ya bima. Pesa za bima ambazo hakuna aliyejitokeza kuzidai, baada ya muda uliowekwa na sheria ya mwaka 2011, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa jijini Nairobi. Familia inayoshuku kwamba marehemu wao alikuwa na bima inaweza kutafuta jina lake kwenye tovuti ya mamlaka hiyo na kuwasilisha dai, ikiwa na cheti cha kifo na kitambulisho cha anayedai.